Sina mzuka na Yanga wala mkutano wa kijiji, je nina kasoro?

Swali: "Shikamoo dada. Mimi ni mwalimu wa sekondari ya kata, vijijini huku Mvomero, nina miaka 34. Nimekulia Temeke kwenye nyumba ya Yanga tupu, baba ana kadi ya uanachama toka hajaoa. Siku ile Novemba 5, 2023 tumemfunga Simba tano nilikuwa sebuleni kwa baba, watu wanakumbatiana mpaka machozi, mi naangalia saa nawaza mizinga yangu ya nyuki huku porini kama kundi limeshaingia. Nikapiga kelele na mimi, za kuigiza. Toka siku ile najichunguza, nagundua kumbe siyo mpira tu. Mkutano wa kijiji nikienda nasinzia, kura ya serikali za mitaa Novemba 2024 nilienda kwa sababu mke wangu alinishika mkono, Mwenge ukipita nawapanga wanafunzi barabarani wanaimba, mi moyoni kimya kabisa. Kijiweni wananiita mgeni. Je nina kasoro? Na baba nimwambieje?"

Marahaba mdogo wangu. Pole, na hongera pia, maana kuna watu wanaigiza hizo kelele mpaka wanazeeka bila kumwambia mtu. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu na kuna maneno mawili nimeyapigia mstari, la kwanza ni nyuki, la pili ni "tumemfunga". Hayo mawili yananitosha kukujibu karibu kila kitu, ila ngoja nianze na la kiafya kwanza kwa sababu siwezi kulala bila kulisema.

Mtu akikaa mbele yangu akasema hasikii chochote kwa mambo yanayowapa wenzake raha, simuulizi anashabikia timu gani, namuuliza bado anapenda nini. Sababu yake ni kwamba kuna ugonjwa wa sonona, na sonona ina milango miwili mikubwa, mmoja ni huzuni isiyoondoka na mwingine ni kupoteza hamu ya vitu ulivyokuwa unavifurahia, na hali hiyo ikikaa karibu siku nzima, karibu kila siku, kwa wiki 2 au zaidi, tena usingizi umevurugika, chakula hakipiti au kinapita kupita kiasi, mwili hauna nguvu, unajiona hufai, hapo tunaacha habari za Simba na Yanga tunaenda hospitali. Neno la kushika hapo ni kupoteza. Mtu aliyekuwa anatembea na redio sikioni kila siku ya mechi, halafu hata matokeo haulizi tena, na kuku wake halishi, na wanawe hawasikilizi, huyo siwezi kumwambia eti ndo tabia yake. Wewe hujapoteza kitu, hukuwahi kuwa nacho, ulikuwa unakiazima kwa baba. Na mtu ambaye katikati ya dabi kubwa kuliko zote nchini moyo wake uko porini unasikiliza kama nyuki wameingia mzingani, huo moyo hauumwi, una mahali pake. Ila nakuomba kitu kimoja, siku ukiona hata mizinga haina maana tena usikae kusubiri jibu langu, nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe uwaambie hivyo hivyo kwa mdomo wako.

Haya, tuje kwenye mzuka wenyewe. Mwaka 2003 mwanasaikolojia mmoja wa Kanada, Robert Vallerand, pamoja na wenzake, waliandika kuhusu shauku, na maelezo yao nayapenda kwa sababu hata mama wa sokoni anayaelewa. Walisema shauku ni mvuto mkubwa kwa jambo ambalo mtu analipenda, analiona lina maana, na analipa muda na nguvu zake. Angalia vizuri, ni vitu vitatu vinakaa pamoja. Kwa Yanga muda ulitoa, utoto wako wote, na maana uliiona kwa sababu baba aliiona, lakini kupenda kwenyewe hakukuja, na kupenda hakuji hata kwa fimbo. Kwa nyuki vyote vitatu vipo na hakuna aliyekununulia jezi ya nyuki ukiwa na miaka minne.

Halafu wakatenganisha shauku za aina mbili, kuna ile mtu anayoishika na kuna ile inayomshika mtu. Ya kwanza inakaa vizuri na kazi, na ndoa, na ibada, mtu anaangalia mechi anafurahi anarudi nyumbani. Ya pili inamburuza, anashindwa kuiacha hata inapomuumiza, timu ikifungwa nyumbani hakukaliki, watoto wanaambiwa waende kulala saa moja. Kwa hiyo usidhani kila mwenye mzuka kijiweni kwenu anakuzidi kitu. Wapo pale wasio na mapenzi na mpira hata kidogo, wana mkeka tu, dakika ya 90 hawaoni goli wanaona hela, nimekaa na wake zao kwa hiyo hilo nalijua.

Lakini we hukuniuliza kwa nini huipendi Yanga, umeuliza kama una kasoro, na hiyo aibu ndo inabidi tuifungue taratibu. Binadamu anaingia upande haraka mno. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwanasaikolojia Henri Tajfel alifanya majaribio kule Bristol, Uingereza, na vijana wa shule wa miaka 14 na 15, akawaonyesha picha za wachoraji wawili, Klee na Kandinsky, akawagawa makundi mawili kwa kisingizio cha nani kapenda za nani, kumbe mgawanyo wenyewe ni wa bahati nasibu tu. Wale vijana hawakuambiwa wachukiane, wala hawakujua nani mwenzao yuko kundi gani, walipewa namba tu, lakini walipoambiwa wagawe pointi zenye thamani ya pesa wakaanza kuwapendelea wa kundi lao. Kwa picha tu! Sasa mtoto aliyezaliwa Temeke akavishwa kijani na njano kabla hajaota meno, akaambiwa sisi ni sisi na wale wa Msimbazi ni wale, unadhani hiyo inatoka kwa sababu tu mpira haukumkolea? Haitoki.

Na ushahidi umeuandika mwenyewe. Umeandika "tumemfunga Simba tano", hukuandika Yanga walimfunga. Mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake mwaka 1976 walichunguza kitu hicho hicho kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani, wakaona Jumatatu baada ya timu ya chuo kushinda wanafunzi wengi zaidi wanavaa nguo zenye jina la chuo, na walipopigiwa simu kuulizwa mechi iliendaje, wakishinda wanasema tulishinda, wakifungwa wanasema walifungwa. Wewe siku ile hukusikia raha yoyote lakini "tu" imo kwenye sentensi yako. Kwa hiyo wewe ni Yanga, mdogo wangu. Ni Yanga asiye na mzuka. Kuwa wa mahali fulani na kuchemka kwa ajili ya mahali hapo ni vitu viwili, sisi tumevichanganya mpaka mtu akikosa cha pili anaona kanyang'anywa na cha kwanza. Kuna watu wangapi ni Waislamu au Wakristo wa kweli, wanasali, wanatoa, na hawajawahi kulia msikitini au kanisani hata siku moja.

Hii kitu kwetu ina mizizi mirefu kuliko mpira, na nadhani ukiijua utaacha kujiona mgeni. Yanga ni ya 1935, Simba ni ya 1936, tena Simba wameitwa Sunderland mpaka 1971, lakini mchezo wa kugawana mji pande mbili ulikuwepo pwani kabla ya hapo. Kulikuwa na ngoma ya beni, vikundi vya Marini na Arinoti, vimetoka pwani ya Kenya vikasambaa mpaka bara, kila kikundi na vyeo vyake na sare zake na kuzidiana kwa mavazi na karamu. Lamu mji umegawanyika Mkomani na Langoni. Kwetu Tanga kwenye taarabu kulikuwa na Black Star na Lucky Star. Dar watu wazima wanakumbuka bendi za Msondo na Sikinde. Ndo maana hapa hatusemi maadui, tunasema watani wa jadi, neno lile lile la Mpare na Mchaga, la Mzaramo na Mnyamwezi, mtu anakuja kwenye msiba wako analala juu ya kaburi anadai hela na huruhusiwi kukasirika. Mtu wa kijiweni akikuuliza we Simba au Yanga mara nyingi hana haja na mpira, anatafuta pa kukushika akutanie, anataka kujua mkono wako uko wapi akupe wake. Ukimjibu "mi mpira sifuatilii" yeye anasikia umekataa utani. Ndo anakuita mgeni. Sasa mpe hiyo nafasi, mwambie mi Yanga wa kuzaliwa, mpira hata siangalii, njoo nichokoze, na siku timu ikifungwa ukipitishwa njia nzima unazomewa cheka ulipe soda. Hujadanganya hata neno.

Nikupe la kwangu. Mimi nimekulia Tanga, zile barabara za namba za Ngamiani, baba Coastal Union, mjomba African Sports, yaani Wagosi wa Kaya na Wana Kimanumanu kwenye meza moja ya chakula. Mwaka 1988 Coastal walipochukua ubingwa wa nchi nilikuwa shule ya msingi. Kitu kinaitwa kuotea mpaka leo nimeelezwa labda mara hamsini na hakijakaa kichwani. Ila ile siku naikumbuka, mama alifungua mlango hakuufunga tena mpaka usiku wa manane, sufuria ya kwanza ya wali ikaisha akabandika ya pili, watu nisiowajua wanakula kwenye jamvi letu, mjomba wa African Sports kakaa kona amenuna halafu baba anamkatia nyama kubwa kuliko ya watu wote. Nilifurahi sana siku ile. Nilikuwa nafurahia watu, goli sikuliona wala sikulijua. Nafikiri sebuleni kwa baba yako hukuwa na uhuru wa kufurahia watu kwa sababu ulikuwa umeshughulika na kuigiza goli. Kuigiza kunachosha, kunakula nafasi yote. Ungekaa kimya ukamwangalia baba yako tu usoni pale matokeo yalipotoka moja moja kipindi cha kwanza mpaka tano moja, labda ungerudi Mvomero na kitu.

Kwa hiyo kwenye mpira jibu langu ni fupi, huna kasoro, huna deni. Yanga haipungukiwi na wewe kutokuwa na mzuka, uwanja wa Mkapa una viti 60,000 na siku ya dabi vinajaa bila wewe.

Mkutano wa kijiji ni habari nyingine na hapa sitakubembeleza.

Umeuweka kwenye kapu moja na mpira kwa sababu vyote viwili vinakupa usingizi, naelewa, lakini hakuna aliyewahi kusema mkutano wa kijiji unahitaji mzuka. Ni kama zamu ya kufagia uwanja wa nyumba ya kupanga. Mpangaji gani anasubiri asikie hamu ndo ashike fagio? Unafagia kwa sababu ni zamu yako na usipofagia wengine watakanyaga. Hili kosa wanalifanya watu wengi wazuri, wenye roho laini kama yako, wanaona mwanasiasa anachemka jukwaani, wanaona jirani anabishana mpaka mishipa ya shingo inasimama, wanajiambia mi sina ule moto, basi siasa siyo yangu. Wakati ule moto siyo kiingilio. Kiingilio kijijini ni uwe mkazi na uwe na miaka 18, basi. Na kwa kuwa we ni mwalimu unayeishi hapo, ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji toka ulipohamia, iwe umelala iwe uko macho.

Na siyo kikao cha soga. Sheria ya mwaka 1982 ya serikali za mitaa kwa mamlaka za wilaya ndo iliyoweka huo mkutano uwe juu ya kijiji, unakaa angalau mara moja kila miezi mitatu, na ndo unaochagua mwenyekiti na halmashauri ya kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi mpaka mkutano mkuu uridhie kwanza. Nyie wa Mvomero sihitaji kuwaeleza ardhi maana yake nini, mgogoro wa wakulima na wafugaji mko nao jirani, ng'ombe kwenye mahindi, mapanga, watu wanakufa, na sehemu kubwa ya hayo inaanzia kwenye swali dogo tu la nani alipewa eneo gani na siku ile nani alikuwepo. Watu 40 wananyoosha mikono kwa niaba ya watu 2,000 waliokuwa na shughuli nyingine.

Mimi limenikuta. Mtaa niliokuwa nakaa zamani, jina la mji naliacha, tulikuwa na kiwanja cha wazi, watoto wanachezea, jioni wamama tunakaa pale na vibao vya mbuzi tunakuna nazi tunaongea. Ukaitishwa mkutano kuhusu kile kiwanja. Spika ya kwenye bodaboda ilipita mara mbili dirishani kwangu, niliisikia vizuri kabisa, ilikuwa Jumamosi nimechoka na kusikiliza matatizo ya watu wiki nzima, nikasema sina moyo wa mikutano leo. Sikuwa na chuki, sikuwa na msimamo, nilikosa hamu tu kama wewe. Waliohudhuria walikuwa wachache, likapita. Kuna ukuta pale sasa na nyuma ya ukuta kuna maghala. Watoto wa ule mtaa wakicheza wanacheza barabarani. Nimewahi kusimama mbele ya ule ukuta nikajiuliza kama nilihitaji kweli kusikia kitu moyoni ili nivae kanga niende pale dakika 50, na jibu nalijua.

Ila kabla hujajihukumu kuna jambo nataka ujiulize kwa ukweli, ukiwa peke yako. Ukisinzia mkutanoni, unasinzia kwa sababu mambo yenyewe hayakugusi, au kwa sababu unajua yameshaamuliwa kwingine na mmeitwa kupiga makofi? Maana hizo ni hali mbili tofauti na dawa zake tofauti. Mwaka 2010 waliopiga kura ya rais hawakufika nusu ya waliojiandikisha. Mwaka 2019 uchaguzi wa serikali za mitaa chama kikubwa cha upinzani kilijitoa, chama kimoja kikachukua zaidi ya asilimia 99 ya vijiji, sehemu nyingi mgombea alipita bila kupingwa hakuna hata karatasi iliyopigwa. Mtu aliyepitia hayo akakaa nyumbani mara inayofuata siwezi kusema hana mwamko, huyo mwamko alikuwa nao, ulizimwa. Ukimwambia apende nchi yake unamtukana, kwa sababu kilichomkalisha ni uchungu wa kuipenda. Kama wewe uko hapo, basi usijiite mtu asiye na hisia, una hasira iliyolala, na hasira iliyolala inaamshwa na kitu kidogo kinachojibika, mfano kusimama na kuomba taarifa ya mapato na matumizi isomwe mbele ya watu, kwa sauti ya kawaida, na mkutano ujao ukaomba tena. Ni haki yenu wote na swali hilo halina chama.

Kama ni ile ya kwanza, kwamba hayakugusi tu, basi usianzie kwenye mkutano, anzia kwenye mizinga. Nyuki wako adui yao mkubwa nani? Moto wa kuandaa mashamba na mtu anayekata miti ya maua. Moto na miti vinaingia kwenye sheria ndogo za kijiji, halmashauri ya kijiji inapendekeza, mkutano mkuu unajadili, halafu zinapelekwa halmashauri ya wilaya kupitishwa. Eneo la kuweka mizinga linaingia kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, nao unapita hapo hapo. Yaani shauku yako uliyonayo tayari, ile ya kweli isiyo ya kuazima, njia yake inapita katikati ya kile kikao unachosinzia. Nenda kwa ajili ya nyuki. Subiri ajenda yako, sema maneno matano, kaa chini. Na pale wanapoongea habari za bomba la maji na wewe una kisima chako, kaa tu, nyoosha mkono pale unapoona ni haki kunyoosha, hakuna atakayepima joto la moyo wako. Wewe mwalimu mwandiko wako unasomeka, omba kumsaidia mtendaji kuandika muhtasari, mtu anayeandika hasinzii na maneno yaliyoandikwa vizuri ni magumu kuyageuza baadaye.

Kura vile vile. Mke wako alikushika mkono mkaenda, kura yako ilihesabiwa sawa na ya mtu aliyeenda anaruka ruka, na mpe asante.

Mwenge sitakuchosha nao. Luteni Alexander Nyirenda aliuwasha juu ya Kilimanjaro usiku wa Desemba 9, 1961, na toka 1964 unakimbizwa nchi nzima, kuna watu wakiuona wanasisimka na kuna watu wanaona foleni na jua. Katiba yetu Ibara ya 20 inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama au shirika lolote, na moyo nao sijaona ibara inayoulazimisha usisimke. Wapange wanafunzi wako vizuri, wapate kivuli na maji, waeleze ile habari ya mlimani kama habari ya kweli ya vijana waliopanda usiku na baridi. Halafu kama kuna mradi ulizinduliwa mwaka jana kijijini kwenu, kisima, darasa, chochote, wapeleke siku moja wakaangalie kama unafanya kazi, waandike walichokiona. Hilo halihitaji uimbe.

Sasa baba.

Nadhani hili ndo lililokufanya uandike, mengine uliyaweka mbele kama mtu anayeongea hali ya hewa kabla hajasema alichokuja nacho. Unaogopa ukimwambia mpira haukukolei atasikia kwamba hata yeye hakukolei. Na anaweza kweli akasikia hivyo, wazee wa umri wake wengi hawajafundishwa kumwambia mtoto wa kiume nakupenda, wamemnunulia jezi. Ile sebule ndo lugha yake. Kwa hiyo usimwambie wiki ya dabi, usimwambie timu imefungwa, usimwambie mbele ya watu, na usimwandikie meseji. Nenda siku ya kawaida, mchukulie asali, ile ya mzinga wa kwanza kabisa kama bado unayo, mkae wawili. Neno lenyewe liwe fupi, "Baba, mpira haujanikolea, nimejaribu miaka yote, ila kukaa na wewe ukiangalia mpira kunanikolea na nataka niendelee kuja." Halafu nyamaza, mwache alipokee anavyoweza. Akinuna mwache anune, akikutania ujue yameisha. Usijitetee kwa kuponda timu wala kwa kuongelea hela zinazopotea kwenye mpira, hiyo ni kesi nyingine na hukuja nayo.

Na toka siku hiyo ukiwa pale sebuleni kelele za uongo acha. Goli likiingia mwangalie yeye. Akikuuliza kwa nini umekaa kimya mwambie nakuangalia wewe.

Kabla hujaondoka siku hiyo ya asali mwombe akuonyeshe ile kadi. Nina hakika anajua ilipo bila kutafuta. Ishike mkononi usiipitie haraka, muulize aliipata mwaka gani, hela ya kiingilio alitoa wapi kijana asiye na mke, na siku anaenda Jangwani kuichukua aliongozana na nani.